Idhini ya Kupita: Tarehe ya Ukuta wa Moto katika Mitandao ya Kompyuta

Katika kazi zote anazopewa fundi wa mitandao, hakuna iliyo fupi kwa maneno na ndefu kwa matokeo kama ile ya kuambiwa afungue njia ili watu walio nje waifikie seva iliyo ndani. Ikitazamwa juu juu, kazi yenyewe ni mistari miwili au mitatu ya maandishi, na aliyeizoea huimaliza kwa muda mchache. Walakini nyuma ya mistari hiyo imo tarehe ya zaidi ya miaka thelathini, yenye wanazuoni na wadukuzi, maafa na uvumbuzi, na katika tarehe hiyo liko jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Watu huusifu ukuta wa moto, ambao wengine huuita ngome ya mtandao, kwa sababu ya kuzuia. Kuzuia ni jepesi: amri moja ya kukataza kila kitu yatosha, na hata asiyejua kitu aweza kuiandika. Elimu yote ya ufundi huu, na hatari yake yote, imo katika kumruhusu mmoja kati ya wengi waliokatazwa, na kwa hiyo anayetaka kuijua tarehe ya ukuta hana budi kuifuata tarehe ya idhini.

Hapo mwanzo hapakuwa na ukuta wala idhini. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ilipeleka ujumbe wa kwanza kwa mwenzake iliyokuwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, na herufi mbili tu zilifika kabla ya mtambo wa upande wa pili kuzimika. Na kwa miaka mingi baada ya siku ile, shughuli kubwa ya waliojenga mtandao wa ARPANET ilikuwa kuhakikisha kwamba ujumbe unafika, wala si kuuliza kama unastahili kufika. Waliotumia mtandao huo walikuwa wanazuoni wa vyuo vikuu, watafiti wa maabara na maofisa wa idara ya ulinzi ya Marekani, kaumu ndogo ya watu waliojuana kwa majina, na desturi yao ilikuwa desturi ya kuaminiana. Katika kompyuta nyingi zilizotumia mfumo wa Unix uliotoka Berkeley palikuwa na faili dogo lililoorodhesha kompyuta rafiki, na mtu aliyekwisha kuingia katika mojawapo ya hizo aliweza kuingia katika nyingine bila ya kuulizwa neno la siri, kwa kuwa ile ya kwanza imekwisha kumdhamini. Dhamana hiyo iliwarahisishia kazi watu wema, na wachache sana walidhani kwamba iko siku itawarahisishia waovu.

Dalili iliyokuja kujulikana na watu wengi ilitokea mwezi wa Agosti 1986 katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, ambako Clifford Stoll, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyehamishiwa kazi ya kompyuta, alipewa hesabu za matumizi ya mitambo azisawazishe, akaona pungufu ya senti 75 za dola. Mwingine angalizitoa mfukoni mwake akanyamaza, lakini Stoll alizifuata. Aliunganisha mashine za kuchapa kwenye nyaya za simu zilizoingia maabarani, akawa anasoma kila herufi aliyoiandika mgeni asiyealikwa, na kwa muda wa miezi mingi akaendelea hivyo hata ikabainika kwamba mgeni huyo, Markus Hess, alikuwa ameketi Hannover huko Ujerumani, akiitumia maabara kuwa njia tu ya kuzifikia kompyuta za jeshi la Marekani, na kwamba aliyoyapata yaliuzwa kwa KGB, idara ya ujasusi ya dola ya Kisovieti. Hila zake nyingi zilikuwa za kubahatisha maneno ya siri, na mitambo mingi aliyoijaribu ilimkataa. Lakini kila alipopata mmoja uliompokea, hapakuwa na kitu mbele yake cha kumwuliza amepewa idhini na nani.

Miaka miwili baadaye swali hilo liliulizwa kwa kishindo. Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell ambaye baba yake alikuwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta katika serikali ya Marekani, aliachilia kutoka kompyuta ya chuo cha MIT programu iliyojinakili yenyewe toka mtambo hadi mtambo. Mnyoo huo, kama ulivyoitwa, uliingia kwa kosa lililokuwamo katika programu ya kupelekea barua, na kwa kosa jingine katika programu ya kuulizia habari za watumiaji, na kwa maneno ya siri mepesi, na kwa ile dhamana ya kompyuta rafiki. Na kwa kuwa ulijinakili kupita kiasi, mitambo ililemewa ikashindwa kufanya kazi. Inakadiriwa kwamba kompyuta 6,000 ziliambukizwa, kati ya takriban 60,000 zilizokuwa mtandaoni wakati huo. Baadaye Morris alihukumiwa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi, saa 400 za kuitumikia jamii na faini ya dola 10,050, na mwezi ule ule wa Novemba 1988 kikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha dharura za kompyuta kiitwacho CERT. Jibu lililodumu kuliko hukumu ile, hata hivyo, lilitoka kwa mafundi waliokaa kwenye makutano ya mitandao yao na mitandao ya watu wengine.

Mafundi hao walianza na kile kilichokuwapo. Kila mtandao uliounganishwa na mwingine ulikuwa tayari na kompyuta au ruta ya kupitishia pakiti, yaani vile vipande vidogo vinavyotokana na kukatwa kwa kila ujumbe kabla ya kusafirishwa. Nayo ruta, ili ijue pa kuipeleka pakiti, sharti isome anwani iliyoandikwa juu yake. Maadamu inasoma, kwa nini isihukumu? Mwaka wa 1989 Jeffrey Mogul, wa maabara ya utafiti ya kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Palo Alto, alieleza programu iitwayo screend, iliyokaa katika lango la mtandao na kuamua kwa kila pakiti, kwa mujibu wa orodha ya kanuni, kama itapita au itatupwa. Na orodha za namna hiyo zikawa pia sehemu ya ruta zilizouzwa madukani. Mambo yaliyotazamwa yalikuwa matano, na hata leo ndiyo msingi wa kazi hii: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, itifaki inayotumika, na namba mbili za poti, ya kutokea na ya kuingilia. Poti ni namba tu, kuanzia 0 mpaka 65,535, nayo hujulisha ni huduma ipi inayotafutwa katika mtambo ulio na huduma nyingi: 25 kwa barua, 23 kwa Telnet, itifaki ya zamani ya kuutumia mtambo ulio mbali, na 80 kwa kurasa za wavuti.

Basi fundi aliyetaka barua zifike katika seva yake ya ndani aliandika kanuni ya kuruhusu poti 25 kwa anwani ya seva hiyo peke yake, na chini yake akaandika kanuni ya kukataza yote yaliyosalia. Huo mpangilio wa juu na chini si wa mapambo. Ukuta husoma kanuni kwa mfuatano, ya kwanza kabla ya ya pili, na katika kuta nyingi ile ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayofuatwa. Hivyo kanuni ya kukataza ikiandikwa juu ya kanuni ya kuruhusu, idhini iliyo chini haitafikiwa kamwe, na fundi atakesha akitafuta kosa katika seva isiyo na kosa. Mwaka wa 1992 D. Brent Chapman aliandika kwa urefu juu ya taabu za namna hii, akaonyesha kwamba lugha za kanuni katika ruta za siku zile zilikuwa ngumu kuandikwa sawasawa na ngumu zaidi kujaribiwa. Fauka ya hayo, wenye kazi hii waligawanyika madhehebu mawili: waliosema kwamba kila kisichokatazwa kimeruhusiwa, na waliosema kwamba kila kisichoruhusiwa kimekatazwa. Wa pili wakashinda, kwa kuwa mwenye kuorodhesha maovu hafiki mwisho wa orodha yake. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama, kwani tangu hapo kila haja ya kazi, iwe kubwa au ndogo, iligeuka ombi lililowekwa mbele ya fundi.

Wako walioona kwamba kusoma anwani peke yake hakutoshi. Katika maabara za Bell za kampuni ya AT&T, William Cheswick alitangaza mwaka wa 1990 mpango wa lango uliokuwa mkali zaidi, ambao ndani yake hapakuwa na pakiti hata moja iliyovuka moja kwa moja kutoka nje hadi ndani: kompyuta moja ilielekea nje, nyingine ikaelekea ndani, na baina yao programu ya wakala ililipokea ombi la mtu na kulipeleka kwa niaba yake. Cheswick mwenyewe hakuficha aibu ya mpango huo, akasema kwamba mtandao uliolindwa hivyo ni mgumu kwa nje lakini kwa ndani ni laini, na kauli hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa baadaye. Mwezi wa Januari 1991, mdukuzi mmoja alipojaribu kuliiba faili la maneno ya siri kutoka langoni hapo, Cheswick hakumfukuza bali alimtilia faili la uongo na kumchezea kwa miezi kadhaa, akizichunguza tabia zake kama mwanachuoni. Na mwaka wa 1994 yeye na mwenzake Steven Bellovin wakatoa kitabu juu ya kuta za moto ambacho mafundi wengi wa kizazi hicho walijifunza kwacho.

Wakati huo huo ufundi ulianza kuwa biashara. Marcus Ranum alikuwa miongoni mwa waliotengeneza ukuta wa DEC SEAL, uliouzwa na Digital Equipment Corporation tangu mwaka wa 1991. Kisha, alipokuwa katika kampuni ya Trusted Information Systems, alitunga seti ya programu za wakala iliyotolewa mwaka wa 1993 pamoja na msimbo wake wote, yeyote aliyetaka akauchukua, akausoma na kuutumia. Kwa njia hii vyuo na ofisi zisizo na fedha nyingi ziliweza kujijengea ukuta wao wenyewe. Lakini wakala ana ila yake: kila huduma mpya huhitaji wakala wake, na wavuti ilipokuja na huduma kuzaliwa kila mwezi, wenye ofisi hawakuwa na subira ya kungoja.

Nayo njia ya kusoma anwani tupu ilikuwa na ila iliyo mbaya zaidi, ambayo ilidhihirika katika itifaki kongwe ya kuhamishia mafaili, FTP. Katika itifaki hii mtu wa ndani huiita seva ya nje kwa poti 21, lakini faili lenyewe haliji kwa njia hiyo: seva ya nje ndiyo inayogeuka na kumpigia yule wa ndani, ikitokea poti 20 na kuingilia poti yoyote kubwa ambayo ameitaja. Fundi aliyetaka watu wake wapate mafaili alilazimika kuruhusu kila kitu kilichotokea poti 20, na mdukuzi, ambaye aweza kuitumia poti 20 kama mtu mwingine yeyote, akapata idhini ambayo hakuna aliyekusudia kumpa. Mwezi wa Februari 1994 Bellovin alipendekeza kwamba programu zote zitumie namna ya pili ya itifaki hiyo, ambayo ndani yake wito wote hutoka ndani. Mwaka huo huo likaja jibu pana zaidi kutoka Israeli, ambako Gil Shwed, Marius Nacht na Shlomo Kramer, walioanza kazi yao katika nyumba ya bibi yake Kramer, walitoa kwa jina la kampuni yao, Check Point, ukuta uitwao FireWall-1. Ukuta huo uliyakumbuka mazungumzo. Pakiti ya kwanza ilihukumiwa kwa kanuni. Ikiruhusiwa, ukuta uliandika katika jedwali lake nani anazungumza na nani, na pakiti zilizofuata, pamoja na majibu yake, zilipita kwa kuwa ni za mazungumzo yaliyokwisha kukubaliwa. Tangu hapo idhini haikuwa tena ya pakiti moja moja. Ilikuwa idhini ya mazungumzo, na fundi hakulazimika tena kuliandikia jibu kanuni yake.

Katika miaka hiyo hiyo jambo jingine, ambalo asili yake haikuwa usalama, liliingia katika kazi hii na kuibadilisha kabisa. Anwani za itifaki ya IP ya toleo la nne hazizidi bilioni 4.3, na ilikwisha kuonekana kwamba zitakwisha. Mwezi wa Machi 1994 zilitengwa anwani za matumizi ya ndani, ambazo kila ofisi yaweza kuzitumia bila ya kumwomba mtu, miongoni mwake zile zinazoanza na 10 na zile zinazoanza na 192.168, na mwezi wa Mei mwaka huo K. Egevang na P. Francis wakaeleza namna ya kuzibadilisha anwani hizo langoni, ili watu wengi wa ndani watoke nje kwa anwani chache za hadhara. Kampuni ndogo ya Network Translation ikatengeneza mtambo wa kufanya hivyo, uitwao PIX, na Cisco ikainunua kampuni hiyo mwaka wa 1995. Watu wa ndani wakapata kificho bila ya kukitafuta, kwa kuwa anwani zao hazikujulikana nje; lakini seva iliyokuwa ndani nayo ikafichika pamoja nao, na aliyetaka ifikiwe akawa na kazi mbili badala ya moja: kuiruhusu njia, na kuibadilisha anwani.

Inafaa kazi hiyo itazamwe kwa karibu, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Tuseme ukuta una anwani ya hadhara 203.0.113.10, na ndani iko seva ya wavuti yenye anwani 192.168.1.20, na inatakiwa watu wa nje waifikie kwa poti 443. Katika mfumo wa Linux, ambao programu zake za ukuta zimepokezana tangu ipfwadm hadi ipchains, na tangu mwezi wa Januari 2001 iptables ya Rusty Russell na wenzake, pakiti inapowasili hukutana kwanza na jedwali la kubadilisha anwani, ambalo hufuta 203.0.113.10 na kuandika 192.168.1.20 mahali pake. Baada ya hapo ndipo hupelekwa mbele ya kanuni za kupita. Kwa hiyo kanuni ya kuruhusu sharti itaje anwani ya ndani, na anayetaja ile ya hadhara huandika idhini isiyomhusu mtu. Katika kuta za Cisco mambo yalikuwa kinyume, na kanuni ilitaja anwani ya hadhara, mpaka toleo la 8.3 la mwaka wa 2010 lilipougeuza utaratibu huo, na mafundi waliohama toka toleo hadi toleo wakalazimika kujifunza upya jambo walilodhani wamelihitimu.

Hata kanuni zote mbili zikiwa sahihi, kazi haijaisha. Majibu ya seva yapaswa kurudi kwa ukuta ule ule uliopokea ombi, kwa sababu huo ndio wenye kumbukumbu ya mazungumzo. Seva iliyoelekezwa kwenye ruta nyingine italijibu ombi vizuri, na jibu lake litapotea njiani. Tena fundi anayejaribu kazi yake akiwa ndani ya ofisi, kwa kuiandika anwani ya hadhara, huona mara nyingi kwamba haifanyi kazi ilhali walio nje wanaingia bila ya taabu, kwa kuwa pakiti yake inatoka ndani na kurejea ndani, nayo seva humjibu moja kwa moja bila ya kupitia ukutani. Wenye busara huijaribu njia kutoka nje, na wenye busara zaidi hujaribu pia ile ambayo haikuruhusiwa, ili wajue kwamba bado imefungwa.

Swali lililofuata lilikuwa la mahali: seva inayofikiwa na watu wa nje ikae wapi? Ikiwa pamoja na kompyuta nyingine za ndani, mdukuzi akiishinda amezishinda zote, kwa ule ulaini wa ndani alioutaja Cheswick. Wataalamu wa miaka ya 1990 waliitenga katika mtandao mdogo baina ya nje na ndani, na msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu, kwani nyumba zetu za mawe zilikuwa na baraza kwa sababu hiyo hiyo: mgeni hupokewa, hukaa, hunywa kahawa na kumaliza haja yake, wala hajavuka kizingiti. Kanuni zilizouzunguka mtandao huo mdogo zilikuwa za pande tatu. Nje yaweza kuifikia seva kwa poti yake moja. Ndani yaweza kuifikia ili kuitengeneza. Lakini seva yenyewe haina ruhusa ya kuanzisha mazungumzo na walio ndani. Sharti hili la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa kwa wepesi zaidi.

Kuhusu kuitengeneza seva kutoka mbali, zama hizo zilikuwa na fedheha yake, nayo ni kwamba Telnet ilipitisha maneno ya siri yakiwa wazi, na aliyetega njiani aliyasoma. Mwaka wa 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa kwa namna hiyo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Tatu Ylönen alitunga itifaki ya SSH, iliyoyafumba maneno yote. Alitaka poti iliyo karibu na 21 ya FTP na 23 ya Telnet, akaandika barua ya heshima kwa waliogawa namba hizo, Jon Postel na Joyce Reynolds, na kwa wepesi ambao leo waonekana kuwa muujiza akajibiwa kwamba amepewa 22. Poti hiyo imekuwa idhini iliyoenea mno katika kuta za dunia, na kwa sababu hiyo hiyo haipiti saa bila ya mtu kuibishia hodi.

Kufikia mwaka wa 2000 ukuta ulikuwa kila mahali, na watu wakaanza kuutegemea kuliko ulivyoweza. Avishai Wool alizichunguza seti 37 za kanuni zilizokuwa zikitumika katika makampuni, akatangaza mwaka wa 2004 kwamba karibu zote zilikuwa na makosa makubwa, na kwamba kadiri kanuni zilivyokuwa nyingi na kutatanishana ndivyo makosa yalivyozidi. Sababu haifichiki kwa aliyewahi kukaa katika kazi hii. Idhini huombwa kwa haraka na kutolewa kwa haraka. Mradi ukiisha, aliyeiomba huhama, seva huzimwa, anwani yake hupewa mtambo mwingine, na kanuni hubaki, kwa kuwa hakuna anayeogopa kuongeza mstari lakini kila mtu huogopa kufuta asichokijua.

Tena ziko njia ambazo hazikupita ukutani kabisa. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo ulioitwa Slammer, ambao mwili wake wote ulikuwa baiti 376, uliingia kwa poti 1434 katika seva za kuhifadhia data za Microsoft ambazo dawa yake ilikwisha kutolewa mwezi wa Julai uliotangulia, na kwa muda wa dakika 10 hivi ukawa umekwisha kuambukiza karibu mitambo yote iliyokuwa dhaifu, isiyopungua 75,000. Katika kinu cha nyuklia cha Davis-Besse huko Ohio, ambacho kwa bahati njema kilikuwa kimezimwa tangu mwaka uliotangulia, ukuta ulikuwapo na ulikuwa umeifunga poti hiyo. Walakini kampuni ya kandarasi ilikuwa na waya wake mwenyewe ulioingia ndani bila ya kupita ukutani, mnyoo ukapita kwa waya huo, na skrini ya kuonyesha hali ya usalama wa kinu ikawa haifanyi kazi kwa saa zipatazo tano. Kanuni ziliandikwa vyema, na idhini kubwa kuliko zote, ile ya waya wa kandarasi, haikuandikwa katika kanuni yoyote.

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki kazi hii ilishamiri kwa kuchelewa, kwa sababu mpaka mwaka wa 2009 mawasiliano yetu na dunia yalitegemea satelaiti, yenye gharama kubwa na mwendo wa pole, na aliyekuwa na tovuti aliona nafuu kuikodia seva Ulaya au Marekani. Mwezi wa Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huo huo ukafika Mombasa waya wa TEAMS kutoka Fujairah katika Ghuba, na mwaka wa 2010 ukafuata EASSy. Ofisi zikapata sababu ya kuweka seva katika majengo yao wenyewe, na mafundi wetu wakawa na milango ya kufungua. Lakini wakati huo anwani zilikuwa zinakwisha: ghala kuu la dunia lilimalizika mwezi wa Februari 2011, na makampuni ya simu yakazoea kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwenye modemu ya simu nyumbani kwake aweza kuandika kanuni zake sawasawa katika ruta yake, na bado seva yake isifikiwe, kwa kuwa mbele ya ukuta wake uko ukuta wa kampuni, nao hana mamlaka juu yake.

Dawa waliyoipata wenye shida hiyo inafundisha. Badala ya kungoja wa nje aingie, seva ya ndani yenyewe hutoka, ikauita mtambo mwingine wenye anwani ya hadhara na kushika mazungumzo nao, na mtumiaji huja kwa njia hiyo iliyokwisha kufunguliwa kutoka ndani, baada ya kujithibitisha kwa ufunguo wake. WireGuard, programu ya Jason Donenfeld iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwezi wa Machi 2020, hufanya kazi ya namna hii kwa kanuni chache mno: kila mtu ana ufunguo, na pakiti isiyo na ufunguo unaotambuliwa haijibiwi hata kwa kukataliwa. Fikra iliyo nyuma ya mambo haya ilikwisha kusemwa na wengine. Mwaka wa 2010 John Kindervag, wa kampuni ya Forrester, alihubiri kwamba mtandao wa ndani usiaminiwe kuliko wa nje. Google, baada ya kudukuliwa mwaka wa 2009, ilijijengea utaratibu ambao wafanyakazi wake huzifikia huduma za ndani kwa kuthibitishwa wao na mitambo yao, popote walipo. Na mwezi wa Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani ikaiandikia fikra hiyo mwongozo rasmi.

Ukizipanga zama hizi kwa mfuatano utaona kwamba ukuta haukubadilika sana, na kilichobadilika ni swali linaloulizwa kabla ya idhini kutolewa: kwanza ni anwani ipi, kisha ni mazungumzo yapi, na mwisho ni mtu gani. Kila swali lilikuwa bora kuliko lililolitangulia, wala hakuna lililolifuta jingine, kwani hata leo kanuni ya anwani na poti ingali chini ya yote. Swali moja, hata hivyo, mtambo hauwezi kulijibu peke yake, nalo ni hili: idhini hii ni ya haja gani, na haja hiyo ingalipo? Iptables yenyewe ina nafasi ya maelezo ya hadi herufi 256 pembeni mwa kila kanuni, na aghalabu huachwa tupu. Fundi anayeandika hapo jina la mradi, jina la idara iliyoomba na tarehe ya kuitazama tena kanuni hiyo, kisha akaitazama kweli siku hiyo ikifika na kuifuta ile isiyo na mwenyewe, ameulinda mtandao wake kuliko anayenunua ukuta mpya kila mwaka na kuhamishia ndani yake idhini zote za ukuta wa zamani.